Kwa wanafunzi wapya wa taarab, Unguja

Wanangu, assalamu alaykum.

Wengi wenu mnaingia mkidhani mafunzo ya muziki mjini hapa yalianza 2002 na Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi. Chuo ni kijukuu. Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, ndiye aliyempeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze ganuni, ala ya nyuzi inayolazwa mapajani. Mwaka 1905 ikaundwa klabu ya taarab ya Ikhwani Safaa, iliyoimba kwa Kiarabu. Siti binti Saad akaimba Kiswahili na kukitia kwenye santuri, Bombay, 1928. Culture Musical Club ikaja 1958. Katika klabu wengi walijifunza kwa kukaa nyuma ya fundi na kutega sikio. Chuo kimewaongezea noti na ratiba. Sikio hakiwezi kuwapa.

Na noti ina hila yake. Bayati ni mojawapo ya makamu, yaani mipangilio ya sauti za wimbo. Ikianzia re, mi yake haikai kwenye mi wala kwenye mi bapa (iliyoshushwa nusu toni), iko katikati, na hapo ndipo robo toni. Rasti, makamu nyingine, inayoanzia do ina sauti mbili za namna hiyo, mi na si. Mkisoma karatasi isiyo na alama ya robo toni, mtapiga kitu safi kabisa ambacho si bayati. Kodiani nayo haina robo toni, kwa hiyo ikishika mi yake huku ganuni imeshika ya katikati, mtasikia zinagombana. Anzeni na makamu ya hijazi: re, mi bapa, fa kali (iliyopandishwa nusu toni), sol. Hiyo hata kodiani inaiweza. Bayati jifunzeni kwa udi, maana shingo yake haina vizuizi na kidole kinatafuta mahali pake chenyewe.

Sasa ganuni, inayowaliza watu. Kwa kawaida ina nyuzi 78, tatu tatu kwa kila sauti. Kwanza lazeni vyuma vyote vidogo vya pembeni, vile vinavyopandisha na kushusha sauti. Kimoja kikisahaulika kimesimama, mtatengeneza sauti nzima vibaya na kuja kugundua katikati ya wimbo. Katika kila tatu, zuieni mbili kwa kidole, tengenezeni moja, kisha zifuatisheni zilizobaki mpaka mtetemo wa kugombana uishe. Wavivu hutengeneza zote tatu kwa pamoja, ndiyo maana ganuni zao zinalia kama nyuki.

Halafu hewa ya bahari. Daraja la ganuni limekaa juu ya ngozi, na ngozi ikipata unyevu hulegea, sauti zikashuka. Mkiipeleka chumba chenye kiyoyozi ngozi inakaza, sauti zinapanda. Basi itoeni kwenye sanduku, iacheni nusu saa palepale mtakapopigia, ndipo mguse ufunguo. Baada ya bashrafu, ule muziki wa ufunguzi usio na maneno, ikagueni tena.

Waimbaji nina moja tu kwenu. Mshororo wa taarab mara nyingi una mizani 16, nane kwa nane. Vuteni pumzi kwenye nane. Anayevuta kwenye tano au sita hukata neno, na msikilizaji aliyekuja kwa ajili ya fumbo hulikosa.

Jioni nendeni mazoezi ya klabu. Ombeni ruhusa, mkae nyuma ya mpiga ganuni, upande wa kushoto, mtazame mkono unaogeuza vile vyuma wimbo unapohama makamu. Msiandike chochote pale. Andikeni mkifika nyumbani.

Mzee wenu