Saa yanilia njiani Shela

Mhariri,

Nina miaka 60. Kila alfajiri baada ya sala hutembea kutoka Langoni hadi Shela, maji yakiwa yamekupwa. Mwezi uliopita mwanangu alinivisha saa ya kupima mapigo ya moyo, na tangu hapo sina raha. Mapigo yakifika 114 saa inalia, ati nimezidisha! Nami wakati huo napumua vyema, namtania mwenye punda aliyenizibia njia.

Nimefuatilia. Saa hutoa umri kwenye 220, kilele cha mapigo yangu kwa dakika kikawa 160, na asilimia 70 yake, mwisho wa mazoezi ya wastani, ni 112. Kanuni hiyo ilienea tangu 1971 bila utafiti uliopangwa kwa ajili yake. Mwaka 2001 mtafiti Tanaka na wenzake walitoa nyingine: 208 kutoa asilimia 70 ya umri. Hapo napata 166, na mpaka wangu unakuwa 116. Saa ingenyamaza.

Hata hiyo ni wastani wa watu wengi; wa rika moja hupishana mapigo 10 na zaidi. Jirani yangu anameza beta bloka za presha, zinazozuia moyo kwenda mbio. Yeye hesabu zote mbili hazimfai, amuulize daktari wake.

Ukurasa wenu wa afya wiki jana ulichapa ile ya 220 kama sheria. Ongezeni basi kipimo kisicho na betri: ukiweza kuzungumza lakini kuimba kukushinde, hapo ni wastani. Mimi hujaribu kaswida nikikaribia Shela. Ubeti wa pili haufiki.

Mwalimu mstaafu,
Langoni, Lamu