Sechelela, sikia habari za mvinyo huu kabla hujaing'oa mizabibu

Kisasa, Dodoma
9 Juni

Sechelela ndugu yangu,

Mbukwa. Natumaini wewe na watoto hamjambo, na kwamba kipupwe hakijamrudishia mama maumivu ya magoti. Sisi huku ni wazima, ila upepo wa mwezi huu unatujaza vumbi hadi kwenye masufuria.

Ujumbe wako niliupata. Unasema mkishavuna Agosti utaing'oa mizabibu ya marehemu baba pale Mpunguzi upande alizeti, kwa sababu mnunuzi amekwambia mizee ile haina kilo za kumlipa. Sikukujibu siku ile. Nilijua nikikuambia "usiing'oe" bila kitu mkononi utaona nasema kwa kumlilia baba tu, na baba kweli namlilia. Sasa nina kitu cha kukuambia.

Mpwa wangu yule anayesoma Cape Town amekuja likizo, akaniletea chupa moja ya mvinyo mwekundu. Ni wa zabibu iitwayo Cinsault, asili yake kusini mwa Ufaransa, na hii imelimwa upande wa Darling, kaskazini mwa jiji la Cape Town. Shingoni mwa chupa kuna muhuri mdogo wenye mwaka: 1974. Huo ni mwaka mizabibu yenyewe ilipopandwa ardhini. Yaani mwaka mmoja baada ya nchi yetu kuamua kwamba Dodoma ndiyo iwe makao makuu, kuna mkulima kule alikuwa anachomeka miche hiyo, na hadi leo inazaa.

Jumamosi shemeji yako alileta nyama ya mbuzi kutoka mnada wa Msalato. Nikaiweka chupa kwenye friji kidogo kabla hatujakaa mezani. Ukija kunywa mvinyo mwekundu hapa kwetu, Sechelela, fanya hivyo hivyo. Wazungu wanaposema unywewe kwa joto la chumbani wanazungumzia vyumba vyao, siyo sebule ya Dodoma yenye bati juu. Mvinyo mwepesi ukinywewa na joto, kileo kinapanda puani na matunda yanapotea.

Rangi yake ni hafifu. Ukiinua glasi unaviona vidole vyako upande wa pili, na aliyezoea mvinyo wetu mzito wa zambarau angedhani umetiwa maji. Nilipounusa mwanzoni sikupata kitu cha kunistua. Nikauacha utulie kwenye glasi, nikaurudia: forosadi zilizoiva, ganda la komamanga, na nyuma yake harufu ya majani makavu ya chai. Hakuna harufu ya vanila wala ya mbao mpya, kwa maana waliutunza kwenye mapipa makubwa yaliyokwisha kutumika miaka mingi, ili mbao isiifunike zabibu.

Mdomoni unaanza na uchachu safi, ule wa kukutoa mate chini ya taya. Kisha ladha ya tunda inakuja taratibu, bila sukari hata chembe, na mwisho kabisa ukakasi mwembamba unaoupitia ulimi na kuondoka. Kileo ni asilimia 12.5 tu. Hauchomi koo. Unaumeza, unaendelea na mazungumzo, na baada ya muda unagundua kwamba ladha bado ipo. Ulinikumbusha wale wazee wa baraza wanaosubiri kila mtu amalize, ndipo waseme maneno yao machache, na shauri linaishia hapo.

Shemeji yako alipoonja mara ya kwanza alisema hauna nguvu. Sikubishana naye. Nyama ilipofika, na kachumbari ya pilipili, nilimwona anajimiminia mwenyewe. Uchachu ule unakata mafuta ya mbuzi vizuri sana, na kwa kuwa ukakasi ni mdogo, pilipili haiwaki zaidi mdomoni kama inavyofanya na mvinyo mkali. Nimenywa mvinyo mwingi mwekundu wenye kileo cha 14 na zaidi, mtamu wa kuvutia glasi ya kwanza, ambao glasi ya pili inakushinda. Huu ulitufikisha mwisho wa chakula na bado tukautamani. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo.

Nikamuuliza yule kijana habari za shamba. Ardhi ni ya mchanga, mizabibu imesimama yenyewe kama vichaka bila waya, na haimwagiliwi. Inaishi kwa mvua ya majira yale ya baridi, halafu kiangazi chote inajitafutia maji chini. Cinsault inajulikana kwa kuvumilia ukame na joto. Miaka ya 1960 hadi 1970 ndiyo iliyokuwa zabibu nyekundu iliyopandwa kwa wingi kuliko zote Afrika Kusini, lakini heshima haikuwa nayo. Ilikuwa inazaa sana, ikatumika kujazia mvinyo wa bei rahisi na kutengenezea brandi. Hata Pinotage wanayojivunia leo ni mtoto wake: mwaka 1925 mtaalamu wao wa mizabibu, Abraham Perold, aliichavusha Pinot Noir kwa Cinsault, ambayo wao walikuwa wakiiita Hermitage. Baadaye soko la nje lilipofunguka wakulima waling'oa Cinsault kwa ekari na ekari wakapanda Cabernet Sauvignon na Shiraz, kwa sababu ndizo wanunuzi walizokuwa wanazitaja majina. Unaisikia hadithi hiyo? Ni mnunuzi wako yule yule, nchi nyingine.

Wakulima wachache walisalia na mizabibu ya zamani. Ndipo mama mmoja, Rosa Kruger, akaanza kuzunguka mashamba kuitafuta na kuiorodhesha, shamba moja baada ya jingine, na kuwakutanisha wakulima na watengenezaji wa mvinyo waliokuwa tayari kuzilipia zabibu hizo bei ya maana. Leo wana mpango mzima wa mizabibu mikongwe. Shamba likifika miaka 35 linaandikishwa, na mvinyo wake unaruhusiwa kubeba muhuri ule wa mwaka wa kupandwa. Wana shamba la Cinsault huko Wellington lililopandwa mwaka 1900, na bado linavunwa.

Sasa twende Mpunguzi. Mzabibu unapozeeka unapunguza vichala, hilo mnunuzi wako amesema kweli. Ila hakukuambia yanayobaki. Mizizi imekwenda chini sana, na shina nene limeweka akiba ya chakula cha kuuvusha mwaka mbaya. Kwetu mvua ni milimita 500 na kitu, karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili, halafu mbingu inafunga. Mzabibu mchanga mwezi wa Julai unahangaika: siku unapata maji unavimba, siku unakosa unanyauka, sukari inakimbia juu wakati mbegu bado mbichi na ganda bado lina uchungu. Mkongwe unakwenda kwa mwendo mmoja. Zabibu zake chache zinaiva sawasawa, ganda na mbegu pamoja na sukari, kwa hiyo unaweza kuzivuna mapema kidogo, uchachu ukiwa bado upo, na usipate ladha ya ubichi. Utulivu nilioukuta kwenye chupa ile ulianzia hapo, shambani, kabla ya mtu yeyote kuwasha pampu.

Sisemi umri peke yake unatosha. Mkongwe uliotelekezwa, wenye mchwa kwenye shina na matawi yaliyopogolewa ovyo, utakupa mvinyo mbaya kwa kilo chache, na hiyo ni hasara juu ya hasara. Lakini baba hakuwa mtu wa kutelekeza. Alikuwa anapogolea mwenyewe, haruhusu kibarua ashike mkasi, na kila mwaka samadi iliingia shimoni. Nimeyaona mashina yale, yamenyooka na ni mazima.

Tena mizabibu ya Dodoma ina jambo ambalo hata ile ya Darling haina. Kule baridi inailaza, inapumzika miezi kadhaa kila mwaka. Yetu hailali. Tunaipogolea na kuiamsha sisi wenyewe, inazaa Februari na Machi, inazaa tena Agosti na Septemba. Mzabibu wa miaka 35 ukivunwa hivyo kila mwaka umetoa mavuno zaidi ya 60. Ndiyo maana nasema kabla ya kuuhukumu kwamba umechoka, upe nafasi ya kupumzika. Zao la masika hata hivyo linakula fedha zako: magonjwa ya ukungu, ubwiri unga na ubwiri vinyoya, dawa juu ya dawa, na mvua inaijaza zabibu maji ikawa haina ladha. Mwakani acha zao la masika katika mistari ile ya zamani, pogolea mvua ikishakwisha, uvune kiangazi tu. Mashina yaliyokufa usiyaachie pengo. Laza tawi refu la mzabibu wa jirani, lifukie pale penye pengo, likishika mizizi ulikate. Hivyo kitalu kinabaki cha ukoo mmoja.

Najua utaniuliza, nani atanunua? Swali ni la haki, una ada za watoto. Hapa mjini wengi wanaokwenda kununua mvinyo kwa wasindikaji wadogo wanataka utamu na nguvu, na mimi siwalaumu, ni mvinyo waliokua nao. Lakini mji huu umebadilika. Wizara zimehamia, kuna hoteli na watu wanaokaa chini kula chakula cha jioni kwa saa mbili, na kwenye meza zao nakuta chupa kutoka Stellenbosch, Afrika Kusini, wakati Bihawana, ambako mapadre waliileta mizabibu kabla ya Uhuru, iko karibu hivi. Inaniuma. Tunayo zabibu yetu, Makutupora nyekundu, tunao wataalamu wa utafiti pale Makutupora, tunayo ardhi ya mchanga na jua. Tunachokosa ni mvinyo mkavu uliotengenezwa kwa subira, ambao mtu ataulipia kwa sababu ya pale ulipotoka. Nao ni mgumu kuutengeneza, maana sukari inaficha kasoro nyingi, na mvinyo wa namna hii hauna pa kuficha chochote.

Kwa hiyo ninakuomba jambo moja. Mavuno ya mwaka huu usimuuzie mnunuzi yule mistari iliyo karibu na mbuyu. Niuzie mimi. Nitakulipa bei yake na nyongeza juu, siyo kwa hisani, kwa kuwa kilo chache za zabibu ile zinastahili zaidi. Nitakuja mwishoni mwa Julai na kile kipimo cha sukari, tuzipime pamoja kila baada ya siku chache. Wasindikaji wanasubiri sukari ifike 25 kwenye kipimo hicho ili mvinyo uwe mkali; sisi tutavuna kwenye 21 au 22, ambazo zitatupa kileo cha 12 na kitu. Tutavuna alfajiri jua halijapata nguvu, tuzipeleke mjini kwenye kreti zisizojazwa sana ili za chini zisipondeke. Mitungi ya kioo ninayo, na chumba cha nyuma hakipati jua. Sitatia sukari wala kitu cha kuongeza rangi. Ukitoka mwepesi, utoke mwepesi.

Na alizeti yako panda, ila ipande upande wa bondeni, pale mahindi yalipokauka mwaka jana. Shamba linatosha vyote viwili.

Mvinyo wa mpwa wangu umebaki kidogo, nimeufunga kizibo na kuuweka kwenye friji. Hautakusubiri zaidi ya siku mbili tatu, kwa hiyo kama una safari ya mjini wiki hii, pitia. Ukishindwa, nitamwagiza alete mwingine Desemba.

Msalimie sana mama, mwambie ile dawa ya kuchua nimeipata na nitamletea. Watoto pia wote. Shemeji yako anakusalimu, na anauliza bei ya mbuzi huko kwenu.

Nijibu kabla ya mwisho wa mwezi, nijue kama niagize kreti.

Ndugu yako,
Eliza