Kwa mama wa dagaa, Soko la Mwanga

Mama, jina lako sikuliuliza. Mdogo wangu aliuawa na kundi la watu miaka 6 iliyopita, kwa kusingiziwa wizi, na mpaka leo nikisikia "mwizi!" miguu hulegea. Jumamosi ile hapa Kigoma makelele yalipoanza, nilianguka mbele ya meza yako. Ulifunika dagaa wako, ukaniketisha juu ya ndoo, ukanishika mikono mpaka pumzi ikarudi. Nilipokueleza habari za mdogo wangu, hukuniambia "yameshapita". Uliuliza, "Alikuwa anaitwa nani?" Nyumbani jina lake halitajwi tangu tumzike. Nikalitaja, nikalia. Ukaacha biashara, ukanisindikiza hadi kituo cha daladala. Ndugu zangu, mkikutana na mfiwa wa namna hii, muulizeni jina la marehemu wake. Ahsante sana, mama.