Mgonjwa wa meno aambiwe njia zote

Mhariri, naomba nafasi niongelee hili la meno maana linaniuma kweli. Mtu aking'olewa gego anaambiwa kapone kwanza, akirudi anapewa meno ya bandia ya kuvaa na kuvua, hakuna anayemtajia implanti. Hii ni skrubu ya titani inapandikizwa ndani ya taya, mfupa unaishika wenyewe, halafu baada ya miezi 3 mpaka 6 hivi ndo jino linafungwa juu yake. Na sio kitu cha jana, daktari Brånemark wa Uswidi alimwekea mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965. Uzuri wake haigusi meno ya jirani, wakati daraja, yaani jino la bandia linaloshikizwa kwenye meno ya pembeni ya pengo, linataka hayo meno mazima yachongwe, alafu penye pengo mfupa huwa unasinyaa taratibu kwa sababu hauna kazi, implanti inausaidia kubaki. Bei ni kubwa sana, hilo sibishi, na kwa mvuta sigara au mwenye sukari iliyopanda hatari ya kufeli inaongezeka. Lakini jamani madaktari wetu, mwambieni mgonjwa yote kabla hamjang'oa, na bima nazo ziangalie angalau vijana wanaopoteza meno ya mbele kwenye ajali za bodaboda.