Kalisiamu hiyo haitoki kwenye maziwa

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako imenifikia, nami nimeisoma mara tatu. Unasema tangu uumie uti wa mgongo na miguu kupooza, vipimo vya mkojo vimeonyesha kalisiamu nyingi, na sasa nyumbani wamekukataza maziwa. Naomba usiyaache kwa uamuzi wako mwenyewe. Mwulize daktari kwanza. Kalisiamu hiyo inatoka kwenye mifupa ya miguu yako.

Nimefurahi umeuliza ukiwa kwenye mwezi wa tatu tu tangu uumie. Mimi niliyeumia kama wewe sikuuliza hadi mwaka wa sita.

Mfupa hautulii. Kuna seli zinazoubomoa na nyingine zinazoujenga upya, na kinachozipatanisha ni uzito: kusimama, kutembea, misuli kuvuta. Neva za uti wa mgongo zikikatika, uzito huo unakoma siku ileile. Seli zilizomo ndani ya mfupa wenyewe hutoa sklerostini, protini inayowazuia wajenzi, na wabomoaji wanaachiwa uwanja. Ndani ya wiki chache kalisiamu inaanza kumwagika kwenye mkojo, na kwa kawaida hufikia kilele kati ya mwezi wa kwanza na wa sita. Wewe uko katikati ya mafuriko hayo.

Damu ikishajaa kalisiamu ya mifupa, tezi ndogo za shingoni zinazotoa homoni ya paradhairoidi hunyamaza. Zikinyamaza, figo hupunguza kutengeneza vitamini D iliyo tayari kufanya kazi, na utumbo nao hufyonza kalisiamu pungufu kutoka chakulani. Ndiyo maana kunyimwa maziwa hakuzibi tundu. Figo ndizo zinazobeba mzigo, na mawe ya figo na ya kibofu huanzia hapo, hasa kwa sisi tunaotumia mpira wa mkojo. Kuhusu kiasi cha maji, fuata ratiba waliyokupangia. Ukianza kuwa na kichefuchefu, kiu isiyokatika, choo kigumu na uchovu wa ajabu, usingoje kliniki: huenda kalisiamu imepanda kwenye damu yenyewe, na vijana wa kiume ndio hupatwa zaidi.

Sasa nikueleze lililonipata. Nilikuwa nimepimwa mifupa ya kiuno nikaambiwa ni mizuri. Kweli ilikuwa mizuri, kwa sababu uti wa mgongo bado unabeba mwili tunapokaa kwenye kiti. Goti halikupimwa, na goti ndipo mahali penyewe: mwisho wa mfupa wa paja na mwanzo wa mfupa wa muundi. Hapo mfupa laini wa ndani unaweza kupungua kwa theluthi, hata nusu, katika miaka miwili mitatu ya mwanzo.

Asubuhi moja nilikuwa navaa suruali kitandani. Kidole cha mguu kikanasa, nikavuta, goti likajipinda. Nikasikia mlio mdogo kama wa kijiti kikavu. Hakukuwa na maumivu, nikaendelea na siku yangu. Usiku miguu ikaanza kukaza na kurukaruka kuliko kawaida, kichwa kikaniuma, nikatoka jasho usoni. Siku ya nne goti lilikuwa limevimba na lina joto. Walidhani ni damu iliyoganda. Picha ikaonyesha paja limevunjika juu kidogo ya goti. Nikafungwa plasta ngumu, na kwa kuwa sihisi, hakuna aliyejua kwamba kisigino kinaliwa ndani yake. Mfupa uliunga. Kidonda kilinilaza miezi mingine mitano. Hilo bado linaniuma moyoni, kwa sababu lingeweza kuepukika.

Kwa hiyo kila jioni fanya macho na mikono yako kazi ambayo ngozi imeiacha. Linganisha magoti mawili: ukubwa, joto, rangi. Moja likibadilika, dai picha hata kama hukumbuki kuanguka. Unapohamia kitini, hakikisha mguu haujanasa popote. Ukifungwa plasta siku yoyote, sisitiza iwe na pamba nyingi na ifunguliwe kukaguliwa.

Kwa daktari, omba kupimwa vitamini D, na uulize kama watapima nyonga na goti, si kiuno pekee. Uliza pia kuhusu dawa za kupunguza kasi ya wabomoaji. Zikianzwa mapema husaidia nyonga, ingawa goti huzisikia kidogo. Baiskeli ya kuchochea misuli kwa umeme inaweza kusaidia ukiifanya kwa wingi, lakini ukiacha, faida inapotea. Kusimama kwenye fremu kuna mema yake mengine. Usikubali tu kuahidiwa kwamba kutarudisha mifupa iliyokwisha kwenda.

Niandikie majibu ya damu yakitoka. Na binti yako anayekusaidia kuvaa, msomee ile habari ya suruali, kisha mwoneshe namna ya kushika mguu kwa mikono miwili, mmoja chini ya goti na mwingine kwenye kifundo, bila kuupinda.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.