Jefferson naye alitaka wahariri washtakiwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme machache kuhusu makala mliyoichapa juu ya mvutano wa kisiasa katika miaka ya mwanzo ya Marekani, ambamo mwandishi alimweka Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa Rais wa tatu, upande wa uhuru na Alexander Hamilton, waziri wa kwanza wa fedha, upande wa serikali yenye mabavu. Kwa habari ya benki, kodi na madeni ya majimbo sina ugomvi naye. Kielelezo chake kikuu, hata hivyo, kilikuwa uhuru wa magazeti, na hapo ameacha nusu ya kisa.

Ni kweli kwamba chama cha Federalist, alichokuwamo Hamilton, ndicho kilichopitisha Sheria ya Uchochezi, ambayo Rais John Adams aliitia saini tarehe 14 Julai 1798, na ambayo ilimtishia faini ya hadi dola 2,000 na kifungo cha hadi miaka miwili mtu yeyote aliyechapisha uongo wa kuwakashifu Rais au Bunge. Makamu wa Rais hakutajwa miongoni mwa waliolindwa, maana cheo hicho alikuwa nacho Jefferson, mpinzani wao. Na sheria yenyewe ilipangiwa kukoma tarehe 3 Machi 1801, siku ya mwisho ya Adams madarakani, isije ikawageukia wenyewe. Mbunge Matthew Lyon wa Vermont alifungwa miezi minne, na wapiga kura wake wakamchagua tena akiwa gerezani.

Makala iliishia pale Jefferson alipokuwa Rais na kuwasamehe waliohukumiwa, na kumbe ndipo mambo yanapoanza kunoga. Februari 1803 Jefferson alimwandikia kwa siri Thomas McKean, gavana wa Pennsylvania, akishauri kwamba mashtaka machache dhidi ya wakosaji wakubwa, yakifunguliwa na majimbo, yangeyatia adabu magazeti. Mwaka huohuo, huko Hudson katika jimbo la New York, mhariri kijana Harry Croswell alishtakiwa kwa kuandika kwamba Jefferson alimlipa James Callender, mwandishi wa vijitabu vya siasa, ili awachafue George Washington na Adams. Fedha Callender alipewa kweli. Jefferson alidai tu kwamba zilikuwa sadaka. Croswell alipoomba kuthibitisha maneno yake, Jaji Mkuu Morgan Lewis, mtu wa chama cha Jefferson, alimkatalia, kwa kuwa chini ya sheria ya kale ya Kiingereza, ambayo jimbo lilikuwa bado linaifuata, ukweli haukuwa utetezi katika kesi ya kukashifu serikali. Sheria ya 1798, pamoja na laana zote ilizostahili, ilikuwa imempa mshtakiwa haki hiyo, angalau kwenye karatasi.

Aliyesimama kumtetea Croswell kwenye rufaa mjini Albany, Februari 1804, ni Hamilton. Alijenga hoja kwamba uhuru wa magazeti ni haki ya kuchapisha ukweli kwa nia njema na kwa lengo la halali, hata kama ukweli huo unaigusa serikali, na kwamba juri, yaani wananchi wanaoketi kuamua kesi, ndiyo iachiwe kuamua. Majaji waligawanyika wawili kwa wawili, kwa hiyo Croswell hakushinda. Lakini mwaka 1805 bunge la New York liliigeuza hoja hiyo kuwa sheria. Hamilton hakuiona, kwa kuwa Aaron Burr, mpinzani wake wa kisiasa, alikwisha kumuua kwa risasi Julai 1804.

Sisemi haya ili kumsafisha Hamilton. Mwaka 1799 malalamiko yake mwenyewe ndiyo yaliyomfikisha mahakamani David Frothingham, mchapaji wa gazeti moja la New York lililomwandama, na mtu huyo akafungwa miezi minne. Ninachoomba ni kwamba mwandishi wenu, akirejea mada hii, awape wasomaji kesi ya Croswell kwa kirefu pamoja na ile ya Lyon.

Msomaji wenu,
Tanga