Somo yangu, anza na moja

Tandika, Dar es Salaam

Somo yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza tena usiku huu, watoto wakiwa wameshalala. Unasema umemaliza siku tisa za novena, umekwenda mafungo, Misa ya Jumapili hukosi, na bado mama mkwe akitia neno moja tu kuhusu mboga, unawaka. Halafu ukauliza, "Sala zangu zinakwenda wapi?" Swali hilo siwezi kulijibu kwa sauti ya dakika moja, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Sala zako zinafika, hilo usilitilie shaka hata kidogo. Ila unapoomba neema, neema nayo inataka mahali pa kufanyia kazi, na mahali penyewe ni hapo hapo jikoni kwako Songea, chumvi iko mkononi na mama mkwe amesimama mlangoni. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, ile ya mwaka 1992, inafundisha kwamba fadhila za kibinadamu, yaani tabia njema, tunazipata kwa malezi, kwa matendo ya makusudi na kwa kudumu katika kujitahidi, kisha neema ya Mungu inazitakasa na kuziinua. Matendo ya makusudi, somo yangu. Yaani tendo uliloliamua asubuhi, kabla hujachokozwa. Wengi wetu tunangoja tuchokozwe kwanza ndipo tuanze kuutafuta upole, na wakati huo ulimi umeshatangulia.

Soma tena Waraka wa Pili wa Petro, sura ya kwanza, kuanzia mstari wa 5. Anawaandikia watu ambao tayari wanaamini, na bado anawaambia wajitahidi: katika imani watie wema, katika wema maarifa, kisha kiasi, saburi, utauwa, upendano wa ndugu, mpaka afike kwenye upendo. Kiasi kimetangulia saburi. Mimi naona Petro alijua watu: asiyeweza kuuzuia mdomo wake kwa dakika moja, utamdai vipi saburi ya miaka?

Na sisi wawili tuna bahati ya jina. Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu aliingia monasteri ya Karmeli ya Lisieux, Ufaransa, mwaka 1888 akiwa na miaka 15, akafariki 1897 akiwa na miaka 24, na katikati hapo aliishi ndani ya ukuta ule na watawa wale wale kila siku. Baadaye Papa Pius XI alimfanya msimamizi wa misioni, na mwaka 1997 Papa Yohane Paulo II akamtangaza Mwalimu wa Kanisa. Ukitafuta alifanya nini hasa, utakuta mambo ya kufulia na kukaa kanisani karibu na mtu anayepiga kelele. Alisimulia mwenyewe kwamba siku moja walikuwa wanafua, na sista aliyekaa mbele yake akawa anamrushia maji machafu usoni bila kujua. Wazo lililomjia kwanza lilikuwa kurudi nyuma na kujipangusa uso, ili yule mwenzake aone anachofanya. Akajizuia. Akaendelea kufua.

Palikuwa pia na mtawa mmoja ambaye kila alilofanya lilimkera. Teresia akaamua kumwombea kila anapokutana naye, kumsaidia kazi, na akitaka kumjibu vibaya, kumpa tabasamu na kubadilisha mazungumzo. Mpaka yule mtawa akamuuliza ni kitu gani kinachomvutia kwake namna ile! Lakini kuna kipande ambacho watu wanakiruka, nami nakupa wewe kwa sababu ndicho kitakachokusaidia zaidi: zipo siku vita ndani ya moyo vilikuwa vikali, naye akaondoka mbio kama askari mtoro. Kumbe kukimbia kunaruhusiwa. Ukiona neno limeshafika kwenye meno, toka, kachote maji, kaangalie kuku. Hujashindwa. Umelinda upole wako.

Sasa nikuambie ya hapa nyumbani, maana ya Lisieux unaweza kusema ni ya watakatifu. Unaikumbuka nyumba yetu ilivyo: vyumba vinatazamana, uwanja mmoja, mita ya umeme moja. Tunachanga sawa kwa sawa. Kuna kijana amehamia chumba cha mwisho, ana friji na pasi, na anafua nguo za watu na kuzipiga pasi kwa malipo, lakini mchango wake ni ule ule wa mwenye taa moja. Uniti zikawa zinaisha kabla ya wakati. Usiku mmoja umeme ukakatika watu wako mezani, na maneno yakaanza kuruka gizani, hujui nani anasema, unasikia tu "wewe mwenye friji!" na matusi juu yake.

Mama Mwenyekiti wa jumuiya yetu anakaa chumba kinachotazamana na changu. Hakusema kitu. Akanunua umeme kwa simu yake, akaziingiza zile namba 20 kwa tochi, taa zikawaka, akarudi kula. Mimi nikadhani amemezea, kama wengi wanavyofanya. Kesho yake alfajiri, kijana anawasha jiko la mkaa, nikamwona mama ameenda kwake na kigoda. Akakaa. Akamuuliza biashara inakwendaje, akamsikiliza kwanza. Kisha akamwambia kwa sauti ya chini, lakini bila kuzungukazunguka, kwamba friji na pasi vinakula umeme kuliko taa zetu zote, kwamba mama wa chumba cha pili ni mjane na anamlipia umeme wake bila kujua, na kwamba hilo si haki. Kijana alinuna. Mwezi ule hakuongeza hata shilingi. Mwezi uliofuata akaleta mwenyewe nyongeza, akamkabidhi mkononi, na siku hizi wanaitana mama na mwanangu.

Nimeutafakari sana ule mwendo wake. Upole ulikuwepo, na haki ilikuwepo, na nguvu pia, maana kwenda mlangoni kwa mtu alfajiri kumwambia ukweli kunahitaji moyo. Na busara ndiyo iliyochagua saa, sauti na kigoda. Tulipofundishwa fadhila kuu nne kabla ya Kipaimara, tulizikariri kwa mstari: busara, haki, nguvu, kiasi. Mimi nilikuja kuziona zote zimekaa kwenye kigoda kimoja.

Hapa nina jambo linaloniuma na lazima niliseme. Fadhila ya uvumilivu tumeitumia vibaya katika makanisa yetu. Mwanamke anapigwa, anaambiwa "vumilia, beba msalaba wako." Binti wa kazi hajalipwa miezi, anaambiwa aombe moyo wa subira. Huo si uvumilivu wa Kikristo, ni dhuluma iliyovishwa kanzu ya altare. Bwana wetu mwenyewe, alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu, aliuliza: "Kama nimesema vibaya, ushuhudie ule ubaya, bali kama nimesema vema, wanipigia nini?" Hakurudisha kofi, lakini hakusema limestahili. Kwa hiyo mama mkwe akisema mboga ina chumvi nyingi, hapo vumilia, somo yangu, na punguza chumvi. Siku akikutukana mbele ya wanao, ongea na mume wako, ongea na yeye, kwa heshima, mkiwa mmekaa. Kutofautisha hayo mawili ndiyo kazi ya busara, na busara nayo inaombwa.

Sokoni nisikuchoshe, unapajua. Visado vyenye kitako kilichopandishwa bado vipo, na kila anayepima maharage anamjua Mungu anayechukia mizani ya hadaa, iwe ni kwa Biblia au kwa Kurani. Jirani yangu wa meza, Mwislamu, anajaza kisado mpaka kinatengeneza kilima, kisha anaongeza na kiganja. Nikimtazama najifunza haki bila mahubiri.

Nirudi kwako. Usianze na matunda yote tisa ya Roho ya Wagalatia sura ya tano, utachoka kabla ya Ijumaa. Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliwapa wafuasi wake njia nyepesi: chagua kasoro moja tu. Asubuhi unapoamka, kusudia kujihadhari nayo. Mchana jiulize umeanguka mara ngapi tangu asubuhi, uweke nukta kwenye mstari wa siku ile. Usiku tena, mstari wa pili. Kesho unalinganisha na leo, wiki hii na iliyopita. Mimi natumia kurasa za nyuma za daftari la mauzo. Siku za mwisho wa mwezi nukta zinajaa, kwa sababu ndizo siku za madeni, na kulijua hilo tu kumenifanya nisali mapema zaidi siku hizo.

Kwako ningesema chukua ulimi wa jioni, kati ya kurudi kutoka shuleni na chakula cha usiku. Saa hizo tu. Mengine yaache kwanza. Kabla ya kuingia nyumbani simama langoni, fanya ishara ya msalaba, sema, "Yesu, mpole na mnyenyekevu wa moyo, ufanye moyo wangu ufanane na moyo wako." Kisha ingia, na umsalimie mama wewe kwanza, shikamoo ya kupiga goti, kabla hajasema lolote. Ukianguka, weka nukta, omba radhi siku hiyo hiyo, na Jumamosi nenda kwenye kitubio. Usikae na nukta moja wiki nzima ukijilaumu. Kujilaumu kwingi nako ni kujitazama.

Tarehe 1 Oktoba ni sikukuu yetu. Nitakuwa kwenye Misa ya asubuhi, na nimeshaandikisha nia kwa ajili yako na mama mkwe wako, kwa majina yenu yote mawili. Ukipata nafasi nawe sali huko saa hiyo hiyo. Viatu vya mtoto nimempa dereva wa basi la Alhamisi, vimefungwa kwenye mfuko wa bluu pamoja na dagaa kidogo.

Somo yako,
Tereza